Uzi wa vitu vya ajabu tulivyookota porini, ufukweni na njiani: weka chako, na useme kilikuwa kimekaaje

KokotoLaMto (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu nimeuwaza muda mrefu. Sababu yake ni vipande kumi na kimoja vya kioo cha kijivu ambavyo viko mezani mbele yangu hivi ninavyoandika.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nakatiza vilima vya mchanga, siku mbili baada ya mvua kubwa ya radi. Nikaona kitu kimechomoza kama mzizi mkavu, unene wake kidole cha mwisho, rangi yake majivu. Nilikipita, kisha nikarudi, maana pale hapakuwa na mti wala kichaka. Mzizi wa nini sasa? Nikaushika, nikavuta. Ukakatika kwa mlio wa glasi. Mkononi nikabaki na bomba lenye uwazi katikati: nje linakwaruza kama msasa, punje za mchanga zimegandia kila mahali, ndani laini, linang'aa kama kikombe cha kauri, na vipovu vidogo vimeganda humo humo. Nikaanza kufukua kwa mikono miwili. Kila nilipovuta, kikakatika. Nikavitia vipande kwenye begi nikaondoka na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Baadaye ndipo nikajua nilishika nini. Radi inapopiga, joto ndani ya mkondo wake hufika takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, na mchanga mweupe unahitaji kama 1,700 tu uyeyuke. Mchanga unayeyuka kufuata njia ile ile umeme uliyopita, unapoa hapo hapo, na kinachobaki ni bomba la kioo lenye mikunjo na matawi ya radi yenyewe. Wataalamu wanaliita fulguraiti.

Nikampelekea mtu aliyesomea miamba. Akavigeuzageuza, akaniuliza mambo matatu. Bomba lilishuka kina gani? Lilikuwa na matawi, na yalielekea wapi? Na mahali penyewe hasa ni wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Akavirudisha kwenye mfuko taratibu, akaniambia ni vizuri, nivitunze. Nilirudi kule mara mbili kutafuta. Upepo ulikuwa umekwisha kuhamisha mchanga. Hata kilima chenyewe sikukitambua.

Kilichoniumiza zaidi nilikisoma baadaye. Jangwani, kusini-magharibi mwa Misri, ilipatikana fulguraiti yenye umri wa miaka kama 15,000. Wanasayansi waliipima gesi iliyonaswa ndani ya vipovu vyake, na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona: radi ilipopiga, udongo ule ulikuwa na mabaki ya mimea. Mahali ambapo leo ni mchanga mtupu palikuwa na majani na vichaka. Hayo yote kutoka kwenye vipovu kama hivi vya kwangu, ila vya kwao vilijulikana vimetoka wapi.

Basi naomba kila mwenye kitu alichookota akilete hapa: ni nini, kilikuwa kimekaaje pale ulipokikuta, na ulifanya nini baada ya hapo. Picha iwe na kitu cha kulinganishia ukubwa, hata kalamu. Karibuni.

Mzururaji

Natega sikio. Kuna kitu nimekificha kabatini tangu ujana, nikipata nafasi ya kupiga picha nitarudi.

BintiUpepo

Asante mkuu kwa madini haya. Mimi changu kilining'inia mtini.

Ilikuwa alfajiri, natembea peke yangu. Mbele yangu juu ya mgunga nikaona kamba nyembamba nyeupe, ndefu, imejizungusha kwenye matawi yote. Mwisho mmoja ulikuwa na vipande vya mpira mweupe, vimechanika vibaya kama puto lililopasuka. Katikati kimwavuli chekundu cha plastiki. Mwisho wa pili, chini kabisa, usawa wa kifua changu, kiboksi cheupe cha foamu ngumu, chepesi, kina waya mfupi umetoka chini na kitu kama ulimi mwembamba wa fedha umetoka juu. Upepo ulikuwa unakizungusha taratibu.

Nakiri niliogopa. Wazo la kwanza lilikuwa bomu. Nilirudi nyuma hatua kama ishirini, nikakivuta kwa kamera ya simu ndipo nikaona kina karatasi iliyobandikwa: kwamba ni chombo cha kupimia hali ya hewa, hakina madhara, na namba ndefu chini yake.

Nilipopiga picha ile namba na kuituma kwa watu wa hali ya hewa, nilijibiwa siku hiyo hiyo. Kilirushwa usiku wa kuamkia siku ile, kilomita mia na arobaini kutoka pale. Wakanieleza kwamba vituo vya dunia nzima hurusha maputo ya namna hii mara mbili kwa siku kwa wakati mmoja, saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za Greenwich. Puto linapanda, na kadiri hewa ya juu inavyokuwa nyepesi ndivyo linavyozidi kuvimba. Likipita kilomita 30 hivi linapasuka, kimwavuli kinafunguka, kiboksi kinashuka popote upepo utakapotaka. Njia nzima kinatuma joto, unyevu na mkandamizo wa hewa kwa redio. Utabiri unaousikia asubuhi umetokana kwa sehemu na viboksi hivyo.

Waliniambia nikitaka nikichukue. Nimekitundika dirishani. Ule ulimi wa fedha, ambao ndio unaopima joto, ni mwembamba kiasi kwamba nikiukaribia unatikisika kwa pumzi yangu, na ndio ulioenda hadi juu kule kwenye baridi ya nyuzi zaidi ya 50 chini ya sifuri ukarudi.

Chembe

Wakuu nisaidieni haraka. Nimeokota KIMONDO. Angalieni picha. Kilikuwa juu ya kilima, kimejitokeza nusu kwenye udongo baada ya mvua kuosha. Cheusi tii, upande mmoja laini kama kitu kilichoyeyuka kikamwagika, kizito kuliko jiwe la kawaida. Kesho nataka nikipasue na nyundo nione ndani.

FundiMiamba

Ndugu yangu Chembe, weka nyundo chini kwanza. Nakuomba kabisa.

Nijibu haya. Kina matundu au vipovu popote? Ganda lake jeusi ni unene gani ukilitazama pale lilipobanduka? Na pale kilimani kilikuwa peke yake au kuna vingine?

Nakueleza kwa nini nauliza. Kimondo halisi kinapopita angani, ngozi yake ya nje huungua, na kikitua kinakuwa na ganda jembamba jeusi, mara nyingi halizidi milimita moja au mbili. Ndani yake, kama ni cha mawe, huwa na rangi ya mwanga zaidi na vichembe vya chuma vinavyometa. Juu kinaweza kuwa na vibonyeo kama mtu amebonyeza udongo mbichi kwa dole gumba. Matundu ya vipovu karibu hakina.

Pia kuna jaribio la kigae. Chukua kigae cha kauri, ugeuze upande wa nyuma usiong'aa, ukwaruze jiwe lako hapo. Likiacha mstari mwekundu au mweusi, hilo ni jiwe la chuma la hapa hapa duniani. Kimondo kwa kawaida hakiachi mstari.

Nawaomba wote pia msikimbilie sumaku kubwa. Ni kweli vimondo vingi hunaswa na sumaku kwa sababu vina chuma na nikeli. Lakini vingine vimehifadhi ndani yake kumbukumbu ya usumaku wa kule vilikotoka, wa mabilioni ya miaka, na sumaku yenye nguvu ikivigusa inaifuta. Ninasikitika kila nikiona mtu anapiga picha kimondo kimegandia sumaku ya spika.

Chembe

Matundu yapo, mkuu. Mengi, upande wa chini. Kigae kimeacha mstari wa kijivu unaoelekea weusi. Vingine vipo kilimani, vidogovidogo, vimetapakaa. Maana yake nini?

FundiMiamba

Maana yake ulichoshika ni mavi ya chuma, ndugu. Takataka inayobaki chuma kikiyeyushwa kutoka kwenye mawe yake. Hutiririka, huganda, hubaki na mapovu.

Usikate tamaa bado. Jibu moja zaidi: kati ya hivyo vipande vidogo, umeona vipande vya udongo uliochomwa, vyenye umbo la bomba?

Chembe

Ndiyo. Vipo vingi. Unene kama wa mkono wa mtoto, vina tundu katikati, na baadhi mdomo wake umeyeyuka ukawa kioo cha kijani. Nilidhani ni vipande vya vyungu, nikavipiga teke.

FundiMiamba

Chembe, usiongeze hata hatua moja ya kufukua pale.

Hayo ni mabomba ya mivukuto. Upande mmoja watu walikuwa wanavukuta hewa, upande mwingine uliingia ndani ya tanuri, ndiyo maana mdomo umeyeyuka. Mavi ya chuma yaliyotapakaa, mabomba, na kama ukitazama vizuri utaona udongo uliogeuka mwekundu kwa moto: umesimama juu ya mahali ambapo watu walifua chuma. Ndani ya mavi yale mara nyingi hubaki makaa, na makaa yanapimwa umri. Mpangilio wa vipande ndio unaoonyesha tanuri lilikuwa wapi na upepo waliutega kutoka upande gani. Ukihamisha vitu, huo mpangilio umekwenda na hakuna wa kuurudisha.

Kimondo ungekuwa na jiwe moja. Hapo una karakana nzima.

KokotoLaMto (mleta uzi)

Nimesoma hii mazungumzo yenu wawili nimesimama. Chembe, kuna vimondo viwili ambavyo nataka uvikumbuke. Cha Hoba, Namibia, mkulima alikigonga kwa jembe la kukokotwa na wanyama mwaka 1920. Kina tani kama 60, ndicho kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani kwa kipande kimoja, na hakijawahi kuhamishwa tangu kilipotua. Cha Mbozi, Tanzania, tani kama 16, kilichimbwa kuzunguka pembeni kikaachwa kimekalia nguzo ya udongo wake. Vyote viwili ukienda unavikuta pale pale vilipoangukia. Uzito umesaidia, sawa. Lakini vya kwetu vyepesi vinahitaji sisi ndio tuamue.

ManyoyaMawili

Mimi ni mtu wa ndege. Nilichookota ni kidogo kuliko vyote humu: pete ya bati, inaingia kwenye ncha ya kalamu. Ilikuwa kwenye mguu mkavu wa ndege, ndege mwenyewe amebaki manyoya na mifupa chini ya waya wa umeme. Ilibidi nitumie kioo cha kukuzia kusoma herufi na tarakimu.

Wengi wanaona pete kama hiyo wanaipita, au wanaitoa na kuifanya pambo. Jamani, msifanye hivyo. Ile namba ni ya ndege mmoja tu duniani. Mtu alimshika, akampima, akaandika tarehe, akamwachia, na tangu hapo anasubiri habari. Kazi hii ilianzishwa kwa utaratibu huo na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899, alipowafunga kwezi pete zenye namba na anwani.

Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, mbayuwayu alifungwa pete kibarazani kwa mtu. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Mpaka hapo watu walikuwa wanabishana mbayuwayu wa Uingereza wanakwenda wapi baridi ikiingia. Aliyemwokota angeweza kumtupa. Aliandika barua.

Na kabla ya pete, kulikuwa na korongo. Mwaka 1822 kaskazini mwa Ujerumani alipigwa korongo mweupe aliyekuwa amerudi na mshale shingoni, urefu kama sentimita 80, umemtoboa na bado anaruka. Mti wa mshale ule ulionekana ni wa Afrika ya kati. Enzi hizo wapo waliosema ndege wa kiangazi hujificha chini ya maji wakati wa baridi. Korongo yule amehifadhiwa hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock, mshale wake ungali shingoni. Mimi nikimfikiria, nafikiria zaidi yule mwindaji wa huku ambaye aliona shabaha yake inaruka na kupotea, asijue ujumbe wake umefika wapi.

Pete yangu niliisoma, nikatuma namba, tarehe na mahali. Nilijibiwa baada ya wiki tatu: alifungwa akiwa kinda, miaka minne kabla, bara jingine.

TaaYaKibatari

Changu kifupi. Kufuli limemezwa na mti. Linaonekana tundu la ufunguo tu, gome limelifunika kama mdomo uliofumbwa. Nimekuwa nikilipita miaka kumi na mbili na halijapanda hata inchi, maana mti hurefuka kwa juu kwenye ncha zake. Shina linanenepa tu, na huo unene ndio unaomeza. Nilipoanza kuliona, funguo ingeingia. Sasa haiingii.

MpitaUfukweni

Nimesubiri mtu alete habari za bahari, naona niwe mimi.

Kwanza mbegu. Nilikuta kwenye mstari wa majani ya bahari, pale maji yalipokomea, kitu cha kahawia kama jiwe la mviringo, kipana kama uso wa saa kubwa ya mkononi, kimeng'arishwa kiasi kwamba nilidhani kimechongwa. Nilipokigonga kikalia kama kitu kitupu. Ni mbegu ya mtambazi wa misitu ya kando ya mito ambao maganda yake hupita urefu wa mita moja. Ndani kuna uwazi wenye hewa, ndiyo maana inaelea, na ganda ni gumu kiasi cha kuvumilia zaidi ya mwaka majini na bado ikaota. Niliikwaruza ganda kidogo, nikailoweka, ikaota. Imenipanda mpaka paani.

Pili, msidharau chupa. Januari 2018, Australia Magharibi, mwanamke mmoja aliona chupa kwenye mchanga akaipenda, akawaza itapendeza kwenye kabati la vitabu. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa ikafungwa uzi. Ilikuwa fomu ya Kijerumani, tarehe 12 Juni 1886, imeandikwa jina la meli, Paula, na mahali ilipokuwa. Wajerumani walikuwa wanatupa maelfu ya chupa hizo kuchunguza mikondo ya bahari. Watu wa makumbusho wakalitafuta daftari la hali ya hewa la nahodha wa Paula, wakalipata Ujerumani, na siku hiyo hiyo ameandika kwamba chupa imetupwa baharini. Mwandiko ule ule. Miaka 131.

Tatu, takataka. Julai 2015 watu waliokuwa wakisafisha ufukwe wa Réunion waliona kitu kikubwa kama ubao kina magamba ya viumbe wa bahari. Kilikuwa kipande cha bawa la ile ndege ya Malaysia iliyopotea Machi 2014 na watu 239. Mwaka uliofuata kipande kingine cha bawa kikaonekana kisiwani Pemba. Familia zile zilikuwa zimekaa zaidi ya mwaka bila hata msumari mmoja wa kushika. Wale wasafishaji wangeweza kukitupa kwenye lundo.

Nne, na hapa naomba mnisikilize hasa wenye watoto. Kwenye fukwe za bahari ya Baltiki watu hupenda kuokota kaharabu, ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka kama jiwe la rangi ya asali. Kuna kitu kingine kule chenye rangi ile ile: fosforasi nyeupe iliyotoka kwenye mabomu ya vita vya pili vya dunia, hasa kisiwa cha Usedom. Ikiwa na maji haifanyi kitu. Unaitia mfukoni, inakauka, inapata joto la mwili, inawaka yenyewe na kuunguza kwa joto la nyuzi zipatazo 1,300. Kuna watu wameungua mapaja vibaya sana. Kule wanashauri ulichookota ukiweke kwenye kopo la bati na ukae mbali nacho kikikauka. Mimi nimeichukua hiyo kama kanuni ya kila ufukwe: hakuna kitu ninachokitia mfukoni.

Sindano_ya_Dira

Naongezea kwenye onyo la MpitaUfukweni, kwa sababu kuna kisa kinachonikaa rohoni.

Desemba 2001, msituni nchini Georgia, karibu na kijiji cha Lia, wanaume watatu walikuwa wakitafuta kuni. Kulikuwa na theluji, baridi kali, usiku unaingia. Wakaona vyuma viwili kama makopo, na theluji pembeni yake imeyeyuka. Vilikuwa na joto vyenyewe. Fikiria wewe uko pale, unatetemeka. Wakavichukua kwa waya, wakavilaza karibu na migongo yao wapate joto. Usiku ule ule wakaanza kutapika.

Ndani yake mlikuwa na strontiamu 90, kitu kinachotoa mionzi na joto, moyo wa mashine za zamani za kuzalisha umeme mahali pasipo na watu, zilizoachwa bila ulinzi. Wawili waliungua migongo kwa mionzi, na mmoja alifariki mwaka 2004 baada ya kuteseka zaidi ya miaka miwili. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa na namna ya kujua.

Kwa hiyo: chuma kizito kuliko ukubwa wake, chenye joto lisilo na chanzo, au chenye alama ya mapanga matatu ya feni yaliyozunguka kitone, usikiguse, usikibebe, ondoka, kisha piga simu ukiwa mbali. Tangu 2007 kuna na alama nyingine nyekundu, ina fuvu na mtu anayekimbia, ilibuniwa makusudi ili hata asiyejua kusoma aelewe. Na kitu chochote kinachofanana na kombora au guruneti, hata kama kimeliwa na kutu, kutu haipunguzi baruti. Weka alama mbali nacho, rudi kwa njia ile ile uliyojia.

Mzururaji

Nimerudi, na nina la kubisha. Mnasema tuache, tusihamishe. Lakini tusemane ukweli: nikiacha mimi, atapita mwingine abebe. Mvua itakuja, ng'ombe watakanyaga. Kile nilichokificha kabatini ni shoka la jiwe, nililikuta njiani ambapo magari yanapita. Ningeliacha lisagwe?

Sindano_ya_Dira

Swali lako ni la haki, kaka. Njiani ambapo magari yanapita, hata mimi ningeliokota. Ila ningelipiga picha likiwa chini, nikaandika mahali, ndipo nikaliinua.

Nikupe mfano wa upande wa pili. Novemba 1992, Hoxne, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake mwenye kifaa cha kunasia vyuma amsaidie kuitafuta. Kifaa kikalia, wakafukua, zikatoka sarafu za dhahabu, vijiko vya fedha. Wakachukua kiasi, wakasimama. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Waliripoti, na kesho yake wachimbaji wa mambo ya kale wakaja wakafukua kwa brashi.

Sarafu zilikuwa karibu 15,000, za mwisho wa utawala wa Roma kule. Sanduku la mbao lilikuwa limeoza lote. Lakini kwa sababu vitu vilikuwa bado vimekaa vilivyopangwa, waliweza kujua lilikuwa na ukubwa gani, ndani yake mlikuwa na visanduku vidogo vyenye vikufuli vya fedha, na baadhi ya vitu vilifungwa kwa nyasi kavu visigongane. Mtu alivipanga vile kwa uangalifu akiamini atarudi. Wangezoa kwa ndoo, tungekuwa na fedha nyingi tu. Nyundo nayo ilipatikana, nayo imo kwenye Makumbusho ya Uingereza.

Sasa linganisha na mtu wa barafuni, yule aliyeonwa na wapanda milima wawili kwenye Alpi Septemba 1991, wakadhani ni mpanda mlima wa juzi. Waokoaji nao walidhani hivyo, wakatumia nyundo ya upepo kumtoa kwenye barafu, ikamtoboa nyonga. Alikuwa na miaka kama 5,300. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ilikuwa haraka tu.

Mzururaji

Nimekuelewa. Njia yenyewe bado naikumbuka, na kona yenyewe. Ngoja nikaandike kabla sijasahau na hiyo.

BintiUpepo

Mimi nitasema la Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, maana ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mwaka 1976 wanasayansi walikuwa wamemaliza kazi, wanarushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka akikwepa. Uso ukiwa karibu na ardhi, akaona kwenye jivu gumu la volkano alama ndogo ndogo: matone ya mvua, na nyayo za wanyama. Watu walikuwa wamepita juu yake siku zote. Miaka miwili baadaye kundi la Mary Leakey likapata kwenye jivu hilo hilo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, miaka kama milioni 3.6 iliyopita, mkondo wa mita 27 hivi.

Unajua walizifanya nini baada ya kuzichunguza? Walizifukia tena, ili zisiharibike. Mimi hilo la kuzifukia ndilo linaloniliza.

KokotoLaMto (mleta uzi)

Hata mimi, dada.

Chembe, umepotelea wapi? Kilima kikoje?

Chembe

Nipo wakuu. Samahani kwa ukimya, nilitaka nirudi na kitu cha maana.

Nilipanda tena kilimani na kamba, kalamu na simu. Sikufukua. Nimepiga picha vipande 43 kila kimoja pale kilipo, kalamu ikiwa pembeni. Nimegundua vile vyenye mdomo wa kijani vyote viko upande mmoja wa kilima, ule unaopata upepo, vimejikunja kama nusu duara. Na katikati ya nusu duara udongo ni mwekundu, kama FundiMiamba alivyosema. Nikiupapasa ni mgumu kama tofali.

Picha na ramani ya mkono nimezipeleka makumbusho. Wamenijibu watatuma watu kiangazi kikikolea, na wameomba nisimwonyeshe mtu mahali penyewe, ndiyo maana siweki picha hapa.

Lile jiwe langu, kimondo changu, nimelirudisha. Shimo lake mvua ilikwisha kulifukia. Nilisimama pale muda mrefu nikijaribu kukumbuka nililitoa wapi hasa, na upande upi ulikuwa juu. Nimeliweka nilipodhani ni penyewe, na kwenye ramani nimeandika pembeni yake kwamba hilo moja lilihamishwa.